Utajuaje Kwamba Mgonjwa Anatunzwa Vema Nyumbani?

Ndugu msomaji, fundi akikujengea nyumba, utajuaje kwamba amefanya kazi nzuri? Hutauliza tu kama ana nyundo na msumeno. Wala hutamsifu kwa sababu ana maneno matamu. Utangoja mvua. Mvua ikinyesha usiku kucha, na watoto wako wakilala pakavu, ndipo utasema: Kweli, huyu ni fundi.

Lakini kuna fundi mwingine anayeingia nyumbani mwako. Ni yule anayekuja kumtunza baba yako aliyepooza, au mama yako mwenye kansa, au ndugu yako anayemeza dawa za kifua kikuu. Pengine ni mwuguzi wa kituo cha afya. Pengine ni mama wa kanisa aliyefundishwa kazi hiyo. Anafika, anaketi, anasema na mgonjwa, kisha anaondoka. Je, kazi yake ni nzuri au mbaya? Utajuaje?

Neno hili si dogo. Katika hospitali kuna macho mengi. Mwuguzi mmoja akisahau kumpa mgonjwa dawa, mwenzake ataona, au mganga atauliza asubuhi. Lakini nyumbani mlango umefungwa. Tena mgonjwa wa nyumbani haoni vyepesi kusema. Anaogopa kwamba akilalamika, mwuguzi hatarudi tena. Au anaona haya kwa sababu anasaidiwa bure, na anasema moyoni mwake, "Mimi ninayepewa bure, nitadai nini?" Ndiyo maana matunzo mabaya yanaweza kuendelea miezi mingi, wala hakuna anayejua mpaka siku ya mazishi.

Basi, tujifunze namna ya kupima kazi hii. Si kazi ya waganga peke yao. Wewe unayelala karibu na mgonjwa, wewe shemasi, wewe mama wa komite ya afya, unaweza kupima, hata kama hujui kusoma.

NYUMBA MBILI

Tuwaze nyumba mbili katika kijiji kimoja. Katika kila nyumba kuna koko mwanamke aliyepooza upande mmoja. Nyumba zote mbili zinatembelewa kila juma.

Katika nyumba ya kwanza, mwuguzi anafika kwa pikipiki. Amevaa koti jeupe, na mfuko wake ni mkubwa. Anasalimu kwa sauti, anapima tansio, anaandika hesabu, anaomba maombi marefu, anaondoka. Watu wa nyumba wanafurahi sana. Wanawaambia majirani, "Sisi tunatunzwa!" Lakini hakuna aliyeinua blanketi. Na chini ya blanketi, pale mgongo unapoishia, ngozi ya koko imeanza kuoza.

Katika nyumba ya pili, mama mmoja anafika kwa miguu. Mfuko wake ni wa zamani. Kwanza anaomba maji na sabuni, ananawa mikono. Anakaa chini karibu na kitanda, anauliza polepole, "Koko, usiku umelalaje? Unaumwa wapi?" Anangoja jibu. Kisha anainua kitambaa, anatazama mgongo, nyonga na visigino. Anaona mahali pamoja pameanza kuwa pagumu na pana moto kuliko ngozi ya kando. Anamwita binti wa nyumba, anamwonyesha namna ya kumgeuza koko, tena anamwambia, "Sasa fanya wewe, nikuone." Anaandika katika kaye. Anasema, "Nitarudi siku ya nne." Na siku ya nne anarudi.

Mwezi mmoja ukipita, koko wa nyumba ya kwanza ana kidonda ambacho ngumi ya mtoto inaweza kuingia, na watu wanaingia chumbani kwa kuziba pua. Koko wa nyumba ya pili anaketi mlangoni kwenye jua, anakula ugali kwa mkono wake mzima.

Zote mbili zilitembelewa. Katika ripoti ya mwezi, zote mbili zimeandikwa sawasawa: ziara nne. Unaona, ndugu? Ripoti inaweza kuwa ya kweli na koko akaoza.

KAZI HII IMETOKA WAPI

Kutunza mgonjwa nyumbani ni kazi ya zamani kama jamaa yenyewe. Lakini kutuma mwuguzi aliyefundishwa katika nyumba za maskini kuna mwanzo wake. Mwaka 1859, katika mji wa Liverpool huko Uingereza, mfanyabiashara mmoja jina lake William Rathbone alifiwa na mke wake. Mwuguzi Mary Robinson ndiye aliyemtunza mke huyo nyumbani katika ugonjwa wake wa mwisho. Rathbone akawaza: Sisi wenye mali tumepata msaada huu; je, maskini wanakufaje? Akamwajiri Mary Robinson kwa miezi mitatu aende kwa maskini. Baada ya mwezi mmoja mwuguzi huyo alirudi akitaka kuacha, kwa kuwa taabu aliyoiona ilimshinda. Rathbone akamtia moyo aendelee. Mwisho wa miezi mitatu hakutaka tena kuiacha kazi hiyo, maana ameona watu wakipona.

Baadaye mji uligawanywa katika mitaa 18. Kila mtaa ulipewa mwuguzi wake, na pamoja naye mama msimamizi wa kuangalia kazi na vifaa. Tazama, tangu siku za kwanza walijua kwamba mwuguzi mwema peke yake hatoshi. Lazima awepo mtu wa kuuliza, "Kazi inakwendaje?"

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1966, mganga Avedis Donabedian, aliyezaliwa Beirut na kufundisha huko Marekani, aliandika namna ya kupima matunzo ya wagonjwa. Alifundisha tuangalie mambo matatu. Sisi tunaweza kuyaita hivi: vyombo, kazi, na matunda. Vyombo ni watu na vitu vilivyopo. Kazi ni yale yanayofanyika kweli. Matunda ni yale yanayompata mgonjwa. Mkulima ataelewa mara moja. Jembe ni chombo, kulima ni kazi, maharagi ni matunda. Mtu akikuonyesha jembe jipya tu, hujashiba bado.

KWANZA: VYOMBO

Uliza: Anayekuja amefundishwa na nani, na nani anamsimamia? Anatunza wagonjwa wangapi? Mtu mmoja mwenye wagonjwa 40 juu ya vilima, naye anakwenda kwa miguu, hawezi kuwatunza, hata kama ana moyo mwema kuliko wote.

Uliza tena: Ana sabuni? Ana mipira ya mikono, vitambaa safi vya kufungia vidonda, kipima-joto, dawa ya maumivu, kaye na kalamu? Vitu hivi ni vichache, lakini pasipo hivyo anaweza tu kumpa mgonjwa pole.

Lakini usidanganyike na mfuko mkubwa. Mwuguzi mwenye akili anatumia pia vyombo vya nyumba: mtungi, beseni, kipande cha plastiki chini ya shuka, mito iliyotengenezwa kwa nguo kuukuu. Anaacha jamaa wakijua kutumia kile walicho nacho.

PILI: KAZI

Hapa tukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo matunzo mazuri na mabaya yanapoachana.

1. Mikono. Anayekutunza anawe kwa maji na sabuni kabla ya kukugusa na baada ya kukugusa. Asugue kati ya vidole na chini ya kucha, kwa muda wa kuhesabu polepole mpaka 20 au zaidi. Akigusa damu, kinyesi, matapishi au kidonda, avae mipira ya mikono. Sisi wa Congo tumelipa deni kubwa kwa neno hili. Katika Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na wengi waliambukizwa wakati wa kutunza wagonjwa wao au kuzika wafu wao. Ikiwa kuna shaka ya ugonjwa wa namna hii, usitunze nyumbani. Usimguse mgonjwa, na peleka habari upesi kwa kituo cha afya.

2. Mgongo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila saa 2, mchana na usiku. Mwuguzi atazame mahali mifupa inapokaa karibu na ngozi: nyuma ya kichwa, viwiko, mwisho wa mgongo, nyonga, vifundo vya miguu na visigino. Kwa ngozi nyeusi kama yetu, alama nyekundu ya kwanza haionekani vizuri. Kwa hiyo asitazame tu, aguse pia. Mahali penye moto, au pagumu, au palipogeuka rangi, pameanza kuharibika. Asipasugue, maana kusugua kunazidi kuharibu. Wala asimkalishe mgonjwa juu ya kata ya nguo au mpira wenye tundu katikati, kwa sababu kunazuia damu kupita.

3. Dawa. Si vema kuuliza tu, "Unameza dawa?" Kila mtu atajibu, "Ndiyo." Mwuguzi mzuri anasema, "Nionyeshe," na anahesabu. Kifua kikuu cha kawaida kinatibiwa miezi 6: miezi 2 ya kwanza kwa dawa za namna nne, na miezi 4 kwa dawa za namna mbili. Baada ya majuma machache mgonjwa anaacha kukohoa, anapata nguvu, anafikiri amepona. Hapo ndipo wengi wanapoacha. Vijidudu vilivyobaki vinaweza kuzoea dawa, na ugonjwa unaporudi, dawa zile zinashindwa. Mwuguzi asiyehesabu vidonge anaweza kumtembelea mgonjwa kila juma na kumsindikiza kaburini.

Aulize pia habari za dawa nyingine zilizonunuliwa sokoni. Kwa mfano, paracetamol ya miligramu 500: mtu mzima asipite vidonge 8 kwa siku moja, na aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini anahitaji kipimo kidogo zaidi. Kama jamaa wanamnunulia vidonge dukani, na kituo kinampa vingine, mgonjwa anaweza kupita kipimo pasipo mtu kujua.

4. Kinywa na chakula. Mgonjwa dhaifu alishwe akiwa ameketi, kwa matonge madogo, na asilazwe upesi. Anayelishwa akiwa chali anaweza kupaliwa, chakula kikaingia kifuani. Kinywa chake kisafishwe kila siku, hata kama hana meno. Akiharisha, jamaa wajue kutengeneza maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vijae sawa na ukingo, visipite.

5. Kufundisha. Fikiri: Mwuguzi anakaa nyumbani mwako pengine saa 1 kwa juma. Juma lina saa 168. Zile 167 ni zako. Kwa hiyo ziara isiyomfundisha mtu wa nyumba imepotea karibu yote. Wala kufundisha si kusema tu. Mwuguzi aonyeshe, kisha amwambie binti au kijana wa nyumba afanye mbele yake. Tena aulize desturi ya nyumba. Kwa wengi wetu mkwe hawezi kumwosha baba mkwe wake. Mwuguzi akimfundisha mkwe, kila mtu ataitikia kwa heshima, na mzee hataoshwa. Mwuguzi mwenye hekima anauliza kwanza, "Nani anaruhusiwa?"

6. Kaye. Kila ziara iandikwe: tarehe, alichoona, alichofanya, na siku atakayorudi. Kaye ikae nyumbani kwa mgonjwa, itunzwe mahali pa siri. Mwuguzi mwingine akija, au mgonjwa akipelekwa hospitali usiku, kaye itasema kwa niaba yake.

7. Siri. Ugonjwa wa mtu ni mali yake. Tuseme wazi: katika makanisa yetu siri nyingi zinatoka kwa njia ya maombi. Mtu anasimama siku ya Mungu na kusema, "Tumwombee dada yetu anayeugua UKIMWI," na dada huyo hakumpa ruhusa. Kesho yake watoto wake wanachekwa kisimani. Omba kwa jina lake, na ugonjwa wake uuache kwa Mungu anayeujua.

8. Kujua mpaka. Matunzo ya nyumbani si mahali pa kila ugonjwa. Mwuguzi na jamaa wajue alama za hatari: kupumua kwa taabu, kupoteza fahamu, kifafa kinachoanza ghafula, shingo kukakamaa pamoja na homa, kutoka damu nyingi, kukosa mkojo siku nzima, udhaifu wa ghafula wa upande mmoja. Wajue pia hospitali gani, na njia gani: pikipiki ya nani, au tipoyi na vijana gani. Mwuguzi anayejisifu kwamba hapeleki mgonjwa hospitali, huyo mwogope.

TATU: MATUNDA

Sasa tunakuja kwa mvua inayopima nyumba. Je, mgonjwa anaonaje?

Matunda mengine yanaonekana kwa macho. Vidonda vya kitandani vimepungua, au vimeongezeka? Vidonge vya miezi 6 vimemalizika? Chumba kina harufu gani? Mtu wa nyumba anayemtunza analala usingizi, au naye amekuwa mgonjwa wa pili?

Matunda mengine hayaonekani, lazima kuuliza. Hapa jirani zetu wametusaidia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na wauguzi wake wakaanza kwenda nyumbani kwa wagonjwa wa kansa na UKIMWI katika mji wa Kampala, wakiwapa morfini ya maji ya kunywa ili maumivu yatulie. Na chama cha matunzo ya namna hiyo kwa Afrika yote, kilichoanzishwa Arusha mwaka 2004, kilitengeneza maswali 10 ya kupima kazi. Maswali 7 ni ya mgonjwa: habari za maumivu yake, dalili nyingine, wasiwasi wake, kama anaweza kusema yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana faida, kama ana amani, kama amesaidiwa kupanga mambo yanayokuja. Maswali 3 ni ya jamaa: kama wameelezwa vya kutosha, kama wanajiamini katika kumtunza, kama wana wasiwasi. Wanauliza habari za siku 3 zilizopita, na jibu ni hesabu toka 0 mpaka 5. Asiyejua kusoma anaweza kujibu kwa mkono: ngumi iliyofungwa ni 0, vidole vyote ni 5.

Angalia hekima yake. Maumivu ya leo yakiwa vidole 5, na baada ya juma yakawa 2, matunzo yana matunda. Yakibaki 5 majuma matatu, basi kitu hakiendi, hata kama ziara zote zimefanyika.

Lakini sikilizeni vizuri neno hili: kufa si kipimo peke yake. Mgonjwa wa kansa iliyoenea anaweza kutunzwa vema sana, naye atakufa. Mwingine anaweza kutunzwa vibaya, naye atapona kwa nguvu za ujana wake. Usimlaumu mwuguzi kwa sababu ya kaburi, wala usimsifu kwa sababu ya bahati. Uliza, "Alikufaje? Maumivu yalitulizwa? Alikuwa safi? Kulikuwa na mtu karibu naye?" Kwa majibu hayo utajua kama mwenye kufa alitunzwa au aliachwa.

HESABU INAYOFICHA MTU

Komite nyingi zinahesabu vibaya, nazo hazikusudii uongo. Tufanye hesabu pamoja.

Wagonjwa ni 20. Kila mmoja atembelewe mara 4 kwa mwezi. Hiyo ni ziara 80. Mwisho wa mwezi kaye zinaonyesha ziara 60. Mtu atasema, "Si mbaya, tumefanya robo tatu ya kazi." Watu watapiga makofi.

Lakini ngoja. Ziara 20 zilizokosekana ni za nani? Ukitazama majina, pengine utaona kwamba wagonjwa 15 wametembelewa mara zote 4, na wagonjwa 5 hawakutembelewa hata mara moja. Hao 5 wanakaa ng'ambo ya mto, mahali pikipiki haipiti. Kwao hakuna robo tatu. Kwao ni sifuri. Mmoja wao anameza dawa za kifua kikuu, na dawa zimemwishia tangu siku ya kumi.

Kwa hiyo, usihesabu ziara tu. Soma majina. Jina lisilo na tarehe ndilo la kuanza nalo.

NAMNA YA KUULIZA

Ukimwuliza mgonjwa, "Wanakutunza vizuri?" atajibu, "Vizuri sana, asante." Hilo si jibu, ni adabu. Uliza mambo yaliyotendeka: "Mara ya mwisho walikuja siku gani? Walitazama mahali gani pa mwili? Walikuonyesha nini? Ulipoumwa usiku, ulifanya nini?" Kwa maswali haya, mtu anasimulia, na katika masimulizi utaona ukweli.

Tena, anayeuliza asiwe yule yule anayetunza. Wala mwuguzi asiwepo wakati wa kuuliza. Kwa muda mfupi hata jamaa watoke nje, kwa sababu kuna wagonjwa wanaopigwa au kunyimwa chakula na watu wa nyumba yao wenyewe, na hawawezi kusema mbele yao. Uliza pia habari ya fedha. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Mtu akidai franka, au kuku, ili alete dawa hizo, komite ijue.

Msisahau nyumba zilizofiwa. Majuma machache baada ya matanga, nendeni mkawape pole, na muulize kwa upole yaliyokuwa mazuri na yaliyokosekana. Watu hao hawaogopi tena kwamba mwuguzi hatarudi. Wanajua mengi.

UKIONA KOSA, UFANYE NINI?

Usikimbie kumfukuza mtu. Kwanza tafuta sababu. Mwuguzi hakunawa kwa sababu ni mvivu, au kwa sababu sabuni ilikwisha miezi miwili iliyopita? Hakuvuka mto kwa sababu hajali, au kwa sababu daraja limevunjika? Alisahau kutazama mgongo, au hakufundishwa? Sabuni inanunuliwa, mto unapewa mtu wa ng'ambo, asiyejua anafundishwa. Lakini anayedai fedha za dawa za bure, au anayeandika ziara asizofanya, aondolewe katika kazi hiyo, maana mgonjwa hana nguvu ya kujitetea.

Mnakumbuka habari ya yule Msamaria. Alifunga vidonda, alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akalipa katika nyumba ya wageni. Lakini hakuishia hapo. Aliahidi kurudi. Mwenye nyumba alijua kwamba siku moja mtu atakuja kuuliza habari za mgonjwa. Kurudi na kuuliza ni sehemu ya huruma.

MASWALI YA KUPIMA NYUMBANI

Someni maswali haya pamoja na jamaa. Jibuni kila moja: ndiyo, au hapana.

1. Je, anakuja siku aliyosema?
2. Je, ananawa kabla ya kumgusa mgonjwa?
3. Je, anamwuliza mgonjwa mwenyewe, na kungoja jibu?
4. Je, anatazama na kugusa mgongo, nyonga na visigino?
5. Je, anahesabu vidonge?
6. Je, maumivu yamepungua tangu alipoanza kuja?
7. Je, ametufundisha jambo, na kutuona tukilifanya?
8. Je, ameandika katika kaye?
9. Je, tunajua alama za hatari na njia ya kwenda hospitali?
10. Je, siri ya mgonjwa imekaa?

Mkijibu "hapana" mara moja au mbili, semeni na mwuguzi kwa upole. Mara nyingi atawashukuru. Mkijibu "hapana" mara nyingi, pelekeni neno kwa komite ya afya au kwa hospitali, wala msiogope. Na kama namba 6 ni "hapana," msingoje ziara ijayo. Leo jioni kuna mtu aliyelala nyuma ya mlango uliofungwa. Ingia, nawa mikono, inua blanketi, utazame.